Malalamiko: lebo ya kulanti yenu haisemi inafaa gari gani wala ichanganywe na maji gani

Kwa kitengo cha huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Nalalamikia kulanti yenu ya kijani (dawa ya kupozea injini inayowekwa kwenye rejeta), ile ambayo mbele ya dumu mmeandika kwa herufi kubwa kwamba inafaa magari yote na inaweza kuongezwa juu ya kulanti yoyote, alafu nyuma kuna mstari mmoja tu unasema "changanya na maji". Basi. Maji gani, kiasi gani, hakuna.

Nilifuata hayo maelezo kama yalivyo. Gari ikaanza kupandisha temprecha kwenye milima, baadae hata kwenye foleni, na hita ikawa inatoa hewa ya baridi wakati injini ya moto. Fundi alipofungua mfuniko wa rejeta (injini ikiwa imeshapoa) akachovya kidole kikatoka na ute mzito wa kahawia, akavua hozi ya juu akanionesha kwa ndani ukoko mweupe mgumu kama ule wa kwenye birika la chai, ukiuparua kwa kucha unatoka vipande. Themostati, kile kidude kinachofungua njia ya kulanti injini ikipata moto, nayo ilikuwa imegandiwa haifunguki vizuri. Picha zote nimeambatanisha pamoja na risiti ya kulanti na ya fundi.

Sasa niwaambie kilichotokea maana nyie ndo mnatengeneza hii kitu na mnajua kuliko mimi. Ule ukoko ni kalsiamu na magineziamu za kwenye maji ya bomba au ya kisima, maji magumu yakichemka yanaziacha kwenye vijibomba vya rejeta na joto linashindwa kutoka, na kama yana chumvichumvi za kloridi ndo yanakula aluminiamu kabisa. Kinachotakiwa ni maji yaliyokenekwa, yale yanayoongezwa kwenye betri, na hapo muandike wazi kabisa kuwa sio yale makali ya asidi maana mtu akichanganya hapo ameua injini. Ni mstari mmoja tu, ungewagharimu nini?

Kuhusu ule ute, gari yangu ilitoka na kulanti ya aina ya OAT, inayotumia asidi za oganiki kuzuia kutu, na kitabu cha gari kinasema hivo. Yenu nimekuja kujua ni ile ya zamani inayotumia silikati kuzuia kutu. Hizi mbili zikikutana vizuia kutu vinaharibiana, inaweza ikaganda ikaziba njia, na hata isipoganda ile ya kudumu miaka 5 inarudi kuwa ya miaka 2 hivi. Yani mmemwambia mteja aongeze juu ya yoyote wakati hilo ndo jambo la kwanza la kumkataza.

Nilipopiga simu mhudumu wenu akanijibu niangalie rangi tu, kijani kwa kijani. Hili limeniumiza kuliko hata hela. Rangi inatiwa tu kiwandani, haina kiwango kimoja, kampuni moja kijani ni silikati na nyingine kijani ni OAT. Mtu anayepokea simu za wateja kutwa nzima anafundisha watu hivo, ni magari mangapi yanaharibika?

Alafu hamsemi kama ni nzito (bado haijatiwa maji) au imeshachanganywa. Kama ni nzito mtu akiimimina yenyewe bila maji akidhani ndo anaitunza injini anakosea, glaikoli tupu (ndo kimiminika kikuu cha kulanti) inabeba joto kidogo kuliko maji na kwenye baridi inaganda kwenye nyuzi kama -13 hivi, wakati nusu kwa nusu inafika mpaka -37 na kiwango cha kuchemka kinapanda pia. Na kama imeshachanganywa mtu akaongeza maji tena, anabaki na maji ya rangi, vizuia kutu vimekuwa vyepesi na sili ya wota pampu inaanza kuvuja.

Naomba mnirudishie gharama za kusafisha mfumo wote, themostati mpya na kulanti sahihi niliyoweka. Na lebo ibadilishwe, iandikwe aina ya kulanti, nzito au tayari, kiasi cha kuchanganya na aina ya maji, na hayo maneno ya "magari yote" yatoke. Madumu ambayo yako madukani sa hivi wekeni hata stika juu yake, msisubiri mzigo mpya, kuna mtu leo anaimimina kwenye gari yake kwa kuwaamini nyie.

Naomba jibu la maandishi, sio simu, tena kutoka kwa mtu wa ufundi anayeijua hiyo kulanti. Dumu lililobaki nimelitunza na lebo yake, mkitaka kulipima nitawapa.

Mteja wenu