Milanković asisingiziwe

Mhariri,

Wanaodai ongezeko la joto duniani sasa ni "mizunguko ya Milanković tu", yaani mabadiliko ya polepole ya mwendo wa Dunia, hawajaipitia hesabu ya mwanasayansi huyo Mserbia. Alikokotoa mambo matatu: umbo la njia ya Dunia kulizunguka Jua (takriban miaka 100,000), mwinamo wa mhimili, nyuzi 22.1 hadi 24.5 (miaka 41,000), na kuyumba kwake kama pia inayoishiwa nguvu (miaka 26,000 hivi). Cha ajabu, kinachoanzisha enzi ya barafu si baridi kali, bali majira ya joto yaliyopoa kwenye latitudo 65 Kaskazini: theluji haiyeyuki yote, inarundikana mwaka hadi mwaka. Leo mwinamo ni 23.4 na unapungua, hali inayoelekea kupoza majira hayo. Tena kwa miaka 150 umebadilika nyuzi 0.02 tu, kwa hiyo hauwezi kueleza joto la sasa.

Msomaji wenu