Mnyauko unasafiri kwenye viriba

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba kanafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Mvua za Desemba zikikaribia hapa Dodoma kila mtu anakuwa mpanda miti, vitalu vya barabarani vinajaa miembe, mipapai, mapesheni, siku hizi mpaka mikorosho, na watu wanapakia kwenye bodaboda bila kuuliza chochote zaidi ya bei. Mimi nataka tuulize kitu kimoja, huu udongo ulioko kwenye kiriba, kile kifuko cha nailoni cha mche, umechimbwa wapi?

Maana kuna mnyauko wa fuzari, yaani fangasi anayeishi ardhini. Anaingia kwa mizizi, anapanda na kuziba njia za maji ndani ya shina, basi mti unaanza kunyauka tawi moja au upande mmoja huku upande wa pili bado kijani na chini kuna unyevu wa kutosha kabisa. Huku kwetu tukiona hivyo tunasingizia jua, au mchwa. Chukua panga, kata lile tawi, menya ganda uangalie ndani, ukikuta michirizi ya kahawia inafuata urefu wa tawi shuku mnyauko. Mchwa anajulikana, anaacha vijia vya udongo na ganda limetafunwa.

Halafu mtu anakimbilia duka la pembejeo anarudi na salfa, kwa vile ndiyo tuliyoizoea kwenye zabibu. Jamani, salfa ni ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe kwenye majani, inafanya kazi juu ya jani, huyu fangasi wa mnyauko yuko chini na ndani ya mti hafikiwi. Mti ukishashikwa hauna dawa. Ng'oa na mizizi yake, choma hapohapo, usiuburute shamba zima, na jembe lisuguliwe udongo wote utoke ndo ulichovye kwenye maji ya jiki. Na shimo lile usirudishie mti wa aina ileile, fangasi huyu anakaa ardhini miaka hata kama hakuna mti.

Kwenye korosho ugonjwa huu umeonekana Pwani na kusini tangu miaka ya 2010, na sasa Manyoni na hapa kwetu tunapanda korosho kwa kasi. Sisemi tuache, nasema tusibebe udongo wa watu.

Wenye vitalu nao wana dawa ya bure, jua la Oktoba na Novemba ambalo kila siku tunalilalamikia. Udongo wa viriba ulowanishwe, utandazwe kimo cha shubiri moja, ufunikwe nailoni ya kuonyesha, siyo ile nyeusi, kingo zifukiwe joto lisitoke, uachwe wiki 4 mpaka 6. Joto hilo haliui kila kitu ila fangasi wengi wanapungua sana. Lakini kwenye vitalu vingi nilivyopita udongo unashushwa asubuhi na jioni umeshajazwa, tena viriba vimepangwa chini kabisa kwenye ardhi mizizi inatoboa inaingia humohumo.

Ombi langu kwa mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, na halmashauri zetu, vitalu vikaguliwe kabla ya mvua, hasa vinavyotoa miche ya kugawa bure maana hiyo ndo inasambaa mbali. Na mkulima akipokea miche apewe karatasi imeandikwa udongo umetoka kata gani na umefunikwa juani lini.

Mkulima wa matunda,
Dodoma