Kwa Mdogo Wangu Anayekikimbia Kiingereza

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika, na nimeambiwa pia kwamba ile kazi ya mapokezi hotelini unataka kuiacha kwa sababu mahojiano ni ya Kiingereza. Nakuandikia hadharani kwa kuwa vijana wenye hofu kama yako ni wengi hapa Malindi, na wanaona haya kuisema.

Wewe unaongea Kitaliano. Hukukisomea popote, ulikiokota ufuoni, ukimsaidia kaka yetu kubeba vinyago, ukiwasikiliza wageni wakiuliza bei na wakigombana wenyewe kwa wenyewe. Leo Wataliano wanakuuliza ulisoma chuo gani. Mwenye sikio kama hilo haambiwi hana akili ya lugha, na wewe usijiambie.

Ila usizipime lugha hizi mbili kwa kipimo kimoja. Kitaliano kinakaa vizuri mdomoni mwetu: maneno yake mengi huishia kwa irabu kama yetu, mkazo mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa sehemu kubwa kinasomwa kilivyoandikwa. Kiingereza sivyo. Sisi tuna irabu 5, wao katika matamshi yale ya kwenye kamusi za Uingereza wana sauti za irabu zipatazo 20, na herufi za kuziandikia ni zilezile chache. Hata tahajia iliyokutesa shuleni ina sababu yake. William Caxton alipeleka mtambo wa kuchapa vitabu Uingereza mwaka 1476, maandishi yakaanza kuganda ilhali matamshi yangali yanabadilika. Ndiyo maana kuna maneno mengi ambayo herufi zake zinaenda kwao na sauti kwao. Ugumu uko kwenye lugha yenyewe, haumo kichwani mwako.

Hakuna aliyetueleza haya. Tulichopewa ni kibao. Shuleni kwetu aliyesikika akisema Kiswahili alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake, na jioni wote waliokivaa wakachapwa. Hatukujifunza Kiingereza kwa njia ile, tulijifunza kunyamaza. Mimi niliyekuwa nikiwasimulia hadithi nyumbani mpaka mnalala, darasani nilishinda siku nzima sijafungua kinywa. Linaniuma hadi leo, na mwalimu yeyote anayesoma hapa namwomba asimfanyie mtoto hivyo.

Kilichonifungua ni redio. Nilikuwa nasikiliza kwanza habari za Kiswahili, kisha natafuta zilezile kwa Kiingereza. Kilichotokea nilishakijua, kwa hiyo sikio lilibaki na kazi moja tu ya kufuata maneno. Baadaye nikaanza kusoma kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, chumbani peke yangu, mpaka ulimi ukazoea konsonanti zinazobanana. Jaribu hivyo. Na kuna faida uliyozaliwa nayo: sauti ya "th" katika thamani na ya "dh" katika dhahabu unazo, nazo ndizo zinazowahangaisha Wataliano na Wajerumani wanapojifunza Kiingereza. Wengi wa wageni utakaowapokea hicho Kiingereza nao wamejifunza ukubwani.

Sitaki uongee kama Mwingereza. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza, nami najivunia hilo. Lakini hati za ardhi na mikataba ya kazi bado zinatujia kwa Kiingereza. Nimewaona wazee wetu wakitia kidole gumba kwenye karatasi ambayo aliyewasomea ni mnunuzi mwenyewe. Wewe nataka uweze kusema, "Ngoja kwanza, niisome."

Jumamosi njoo nyumbani baada ya Alasiri, uje na ile barua ya hoteli. Tutaipitia mstari kwa mstari. Halafu nitakuwa mgeni aliyefika usiku na hakuti chumba alichokilipia, nawe utanijibu kwa Kiingereza, hata kikikatika katikati, mpaka nipate chumba.

Dada yako