Usipange nyumba wakati wa mbalamwezi

Ujiji, Kigoma

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, ila goti langu ndilo linaloanza maneno yake mvua zikikaribia. Habari ya uhamisho wako nimemsomesha jirani mara tatu, mara mbili za mwisho kwa kujifaidisha tu. Miaka yote hiyo Dodoma, mjukuu wangu hajui hata samaki wetu mgebuka wa leo yukoje. Haya, rudini.

Umeniuliza mpange wapi, pawe pazuri na kodi isiwaumize. Na zile picha za dalali nimeziona, nyumba ya Kibirizi yenye dirisha linalotazama Ziwa Tanganyika. Nzuri, sikatai. Kodi yake nayo ndogo. Ngoja nikwambie kwa nini ni ndogo.

Mimi na marehemu baba yako tulianzia hukohuko Kibirizi, wewe hujazaliwa. Tulikwenda kuona chumba jioni, mwezi mpevu umekaa juu ya maji, kimya kama msikitini. Tukalipa miezi sita papo hapo. Tukasahau jambo ambalo kila aliyekulia kando ya ziwa analijua, kwamba mbalamwezi dagaa hawavuliwi, maana taa ya mvuvi haina kazi mwezi ukiwaka. Mwezi ulipokata, giza likaingia, lo! Injini usiku kucha, alfajiri wachuuzi mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, wanagombea ndoo, jua likitoka dagaa wameanikwa mpaka mlangoni, na inzi ndiyo usiseme. Mimi sina haki ya kupatukana, biashara yangu ilizaliwa pale na ndiyo iliyokusomesha. Lakini baba yako alikuwa akifanya kazi ya usiku. Akirudi asubuhi kulala, ndipo soko limechangamka. Miezi sita ile alikonda.

Kelele mtu huzoea. Maji je? Ziwa lilipoanza kupanda kuanzia 2020 ulikuwa mbali. Mwalo wa Kibirizi ulimezwa, Katonga watu walihama nyumba zao. Ziwa letu hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga, ng'ambo kule Kongo, na mvua zikizidi miaka miwili mitatu mfululizo maji hayana pa kukimbilia. Wala si mara ya kwanza. Unakumbuka pale hapa Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone, alipokutana na Stanley mwaka 1871? Siku hizo maji yalikuwa karibu na pale. Leo ukitaka kunawa miguu ziwani inabidi utembee. Ziwa lilisogea likaenda zake, na njia ya kurudi linaijua. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ziachwe bila makazi. Dalali hatembei na futi kamba.

Ukikimbilia mlimani, sawa, upepo mzuri na ziwa utaliona bila kuliogopa. Lakini kafungue bomba mchana mwenyewe, usiambiwe "maji yapo". Kisha zunguka nyuma ya nyumba uangalie korongo limefika wapi. Mji huu umekaa kwenye miteremko, mvua ya Aprili haina adabu.

Mtaa wa Mwanga utaupenda kwa sababu soko liko mguuni na daladala hazikosekani, ila utalipia huo urahisi, na mumeo na ule usingizi wake mwepesi sijui kama ataziweza zile spika. Upande wa Gungu, barabara ya Kasulu, kuna nyumba nyingi za kujitegemea, uwanja wa mtoto kuchezea, na majirani wengi watumishi kama ninyi. Ofisi yako iko chini karibu na stesheni, kwa hiyo piga hesabu ya njia kabla ya kufurahia kodi. Tuseme nyumba ya mbali imepungua shilingi 30,000 kwa mwezi. Bodaboda 1,000 kwenda, 1,000 kurudi, siku 22 za kazi: 44,000. Umepata nini?

Uliza LUKU, mita ya umeme, ni yenu peke yenu au mnachangia. Mita moja nyumba tatu, huo ni ugomvi umewekwa ukutani. Umeme wenyewe si ule wa majenereta uliouacha, siku hizi tumeungwa kwenye gridi ya taifa, friji njoo nalo. Na kabla ya kutoa kodi ya miezi sita, pita kwa mwenyekiti wa mtaa uulize kama anayekupangisha ndiye mwenye nyumba. Dalali akikuharakisha kwamba kuna mtu mwingine anakuja jioni, mwache huyo mtu aje.

Ujiji sijakutajia, umeona. Ni kama kilomita 8 hadi mjini, nyumba nyingi za zamani, choo uani, na utapangishwa na mtu aliyekuona ukitambaa, ambaye kila mgeni wako atamhesabu. Mumeo asijisikie amehamia kwa mkwewe. Nimelitafakari hilo usiku kucha, nikaona afadhali mkae Gungu, Jumapili mniletee mtoto.

Fikieni kwangu kwanza, wiki mbili tatu, mpaka mwezi ukate muone kila mtaa kwa giza na kwa mwanga. Njooni na nguo za baridi za mtoto, mizigo mikubwa isubiri.

Kuna nyumba moja lakini, njia ya pili kutoka hapa nilipo, choo ndani, LUKU yake, imepigwa rangi juzi. Nimemwambia tu mwenyewe asimpe mtu mpaka mwisho wa mwezi. Sijakuchagulia.

Wasalaam,
Mama yako