Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kisiwa cha Theodore Roosevelt na Watu Wake

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji nawashukuru kwa kuitikia wito wa mkutano huu. Nawashukuru zaidi wote mliojitokeza kwenye kisiwa chetu hiki cha mto Potomac, mjini Washington, kwa kazi za mikono katika mwaka tunaoufunga. Hesabu atazisoma mweka hazina, nami sitaingilia sehemu yake. Itoshe kusema kwamba chama hakidaiwi, na ada zenu zimenunua glavu, mikasi ya kupogolea na misumeno ya mkono.

Kazi kubwa ilikuwa kupambana na mmea wa kutambaa ulioletwa zamani kutoka Ulaya, ule unaofunika ardhi yote na kuparamia miti hadi juu. Kila mgeni kazini hutamani kuuvuta kwa nguvu kutoka kwenye shina. Tafadhali tuendelee kuwaelekeza: unaukata kuzunguka mti mzima, mara moja usawa wa kiuno na mara nyingine karibu na ardhi, kisha unaondoa kipande cha katikati. Kilichobaki juu unakiacha kikauke chenyewe, maana ukikivuta unachubua gome, na matawi makavu yanaweza kukuangukia kichwani. Mizizi ndiyo inayong'olewa, taratibu, mvua ikishalainisha udongo. Yote haya tumeyafanya chini ya maelekezo ya Idara ya Hifadhi za Taifa, ambayo ndiyo yenye dhamana ya kisiwa, na watumishi wake wanastahili shukrani zetu.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo kamati imelijadili kuliko lolote mwaka huu, nalo ni matembezi ya kuongoza wageni. Mtu akivuka daraja la miguu kutoka ng'ambo ya Virginia na kukutana na ile miti mirefu katikati ya mto Potomac, huamini kwamba msitu huu haujawahi kuguswa. Ukweli ni kwamba umepandwa. Mwaka 1931 jumuiya iliyoundwa kumuenzi Rais Theodore Roosevelt ilikinunua kisiwa kutoka kampuni ya gesi ya Washington kwa dola 364,000, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani likaridhia kiwe kumbukumbu yake. Mchoro ulikuwa wa msanifu wa mandhari Frederick Law Olmsted Jr., aliyetaka kurudisha msitu wa asili wa eneo hili. Vijana wa kikosi cha uhifadhi kilichoundwa na serikali wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi ndio waliofyeka vichaka na kupanda miti kwa maelfu katika miaka ya 1930. Ni kazi njema kupita kiasi, na sisi ndio warithi wake. Lakini msitu uliofanikiwa namna hii umefunika maisha ya watu wengi, na ni haki yao kutajwa.

Kabla ya yote walikuwepo Wanacotchtank, wenyeji wa kingo hizi. Mwanzoni mwa karne ya 18 kisiwa kikaangukia mikononi mwa familia ya Mason. George Mason ndiye mwandishi mkuu wa Tamko la Haki la Virginia la mwaka 1776, lililosema kwamba watu wote kwa asili yao wako huru sawasawa. Mwanawe John alijenga jumba hapa kisiwani, lenye bustani zilizosifiwa na wageni waheshimiwa, na waliozilima walikuwa watumwa. Nikisimama kwenye mabaki ya msingi wa jumba lile, ni hao ninaowafikiria kwanza. Baadaye ukajengwa tuta la kuunganisha kisiwa na ng'ambo ya Virginia. Maji yakatuama na mbu wakazaliana. Juu ya hayo yakaja madeni, na mwanzoni mwa miaka ya 1830 akina Mason wakaondoka.

Kisha ikaja Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe ya Marekani, kati ya majimbo ya kaskazini na ya kusini. Mwaka 1863 kikosi cha kwanza cha askari weusi kilichoandikishwa mjini Washington kwa ajili ya jeshi la Muungano, yaani la kaskazini, kiliwekwa hapa kufanya mazoezi, kwa sababu mjini walikuwapo raia wasiotaka kumwona mtu mweusi amevaa sare. Wengi wao walikuwa wametoka utumwani muda si mrefu. Julai mwaka huo mshairi Walt Whitman, aliyekuwa akiwahudumia majeruhi hospitalini, alivuka kwenda kuwatazama siku ya malipo, na akaandika alichokiona. Malipo yenyewe yalikuwa dola 10 kwa mwezi, 3 kati yake zikikatwa kwa ajili ya mavazi, ilhali askari mweupe wa cheo kilekile alipata 13. Bunge lilikuja kuyasawazisha Juni 1864. Wakati huo wanaume hawa walikuwa wameshapigana Wilson's Wharf na walikuwa wakielekea Petersburg, kote huko Virginia. Wao walipoondoka, kisiwa kikawa kambi ya watu waliokimbia utumwa, wanawake na watoto wakiwemo, wakisubiri kutafutiwa kazi mahali pengine.

Baada ya vita palifanywa uwanja wa michezo wa klabu moja ya mjini, kisha pakaachwa.

Hakuna anayetaka kuishusha hadhi sanamu iliyochongwa na Paul Manship. Ina urefu wa zaidi ya mita 5, Roosevelt ameinua mkono kama anayehutubia, na Rais Lyndon Johnson alihudhuria uzinduzi wake tarehe 27 Oktoba 1967. Watoto huipenda. Tunachopendekeza ni kubadili mpangilio wa matembezi: tuanzie kwenye msingi wa jumba, tuzungumzie waliolima, waliofanya mazoezi ya vita na waliopata hifadhi, halafu tupite njia ya mbao juu ya kinamasi, na sanamu iwe mwisho. Mgeni atafika kwa Roosevelt akiwa anajua amekanyaga ardhi ya nani.

Hili litahitaji waongozaji wasome upya. Wanachama wawili ambao ni walimu wamekubali kuandaa mafunzo kabla ya majira ya kuchipua, na maandishi yatapelekwa kwanza kwa watumishi wa hifadhi wayahakiki. Tarehe au jina lisilothibitishwa halitatamkwa mbele ya mgeni.

Nakumbusha pia kwamba baiskeli haziruhusiwi kisiwani. Mziache mwanzo wa daraja.

Naomba mkutano uipokee taarifa hii, kisha tujadili pendekezo la matembezi na kulipigia kura kabla ya uchaguzi wa viongozi.