Chombo Kina Fungu Lake: Barua kwa Vijana wa Lamu

Assalaam aleikum, wanangu na wajukuu zangu, nyinyi mlioko shule na nyinyi mliomaliza mkabaki mkihama baraza kufuata kivuli.

Nawaandikia kwa sababu nimeudhika, na ni afadhali niwaambie nyinyi wenyewe kuliko niwasengenye nje ya msikiti kama wenzangu wanavyofanya kila baada ya Laasiri.

Juzi vijana wawili wamekuja dukani kwangu mtaa wa Langoni, ninapouza vifaa vya mashua, wakisukuma mkokoteni. Juu yake, chini ya gunia, mna mashine ya boti, ya farasi 15. Pangaboi limekatika jino moja, lakini nembo ya mfadhili ubavuni bado inang'aa, hata karatasi yake ya nailoni haijabanduliwa yote. Wanataka niinunue. Mashine ile naijua. Ndiyo iliyokabidhiwa kikundi cha vijana 12 pale gatini, kwa hotuba, picha na soda, na haijatimiza mwaka. Nikawauliza, imepatwa na nini? "Plagi, mzee." Plagi! Kile kidude cha kutoa cheche za kuwashia mashine, ambacho bei yake haifiki samaki wa siku moja. Na pesa za samaki ziko wapi? Wakatazamana. Mmoja akasema, "Tulikuwa tukigawana."

Sikuinunua. Nimewarudisha na mkokoteni wao, na tangu siku ile sina raha.

Babu zenu hawakuhudhuria semina ya ujasiriamali. Wengi wao walijua herufi za Kiarabu tu, na wako waliokuwa hawazijui hata hizo. Lakini hesabu ya pwani walikuwa nayo. Chombo kikirudi na samaki wakauzwa, kwanza hutolewa gharama: barafu, chakula, mafuta kama yapo. Kinachobaki hukatwa mafungu. Mabaharia wana mafungu yao, nahodha ana lake, nyavu zina lake, na chombo kina lake. Chombo hakili, hakina mke wala ada ya shule, lakini hupewa fungu kama mtu. Na fungu lile haligusi mtu, hata nyumbani kukiwa hakujapikwa. Ndilo linalonunua pamba ya kalafati ya kuziba mianya ya mbao, misumari, sifa (yale mafuta ya papa) na shahamu ya kupaka, na tanga jipya lile la zamani likichanika. Mimi nimeuza vitu hivyo umri wangu wote, navyo ndivyo vilivyonifundisha kumtambua mtu. Kuna aliyekuja na pesa za chombo amezifunga pembeni mwa kitambaa, mbali na pesa zake. Na kuna aliyekuja kukopa misumari huku amevaa viatu vipya. Huyu wa pili chombo chake nilikuwa nikikiona kimelala mchangani msimu wa kusi mpaka wa kaskazi, maji yakiingia yakitoka.

Vijana wale 12 waligawana kila kitu palepale ufuoni, mpaka fungu la mashine. Plagi ilipokufa, kila mmoja akamtazama mwenzake.

Na msidhani nasema na wavuvi peke yao. Wewe unayekaanga viazi karai, chombo chako ni lile karai na jiko. Wewe wa bodaboda kule Mokowe, chombo chako ni pikipiki, na gurudumu linalika kila siku hata siku ambayo hukupata abiria wa kutosha. Na wewe binti wa sekondari unayeuza mabuyu kwa wenzio wakati wa mapumziko, kaa nikuonyeshe. Tuseme umeuza ya shilingi 600. Ubuyu, sukari, rangi na iliki vilikugharimu 350, makaa 50. Basi ulichopata ni 200, si 600. Na katika 200 hizo, toa 50 uweke kando: ni za sufuria kubwa zaidi, au za siku sukari itakapopanda. Zilizobaki 150 ndizo zako, kula, mpe mamako, nunua mtandio. Ni kidogo, najua. Lakini aliyekula zote 600 Ijumaa, Jumatatu anakwenda kukopa sukari.

Haya yote huandikwa. Si kichwani, si kwenye simu itakayoanguka majini ukiruka kutoka boti. Daftari la kurasa 96 na kalamu. Upande huu kilichoingia, upande huu kilichotoka, na kila jioni kabla ya kula. Nimewasikia mkisema hamna mtaji. Wengi wenu mtaji umewapitia mikononi zaidi ya mara moja, hamkuujua kwa sababu haukuandikwa popote.

Tena kuna kusi, ule upepo wa kutoka kusini. Kuanzia Aprili bahari huchafuka, wageni hupungua, nyumba za Shela hufungwa madirisha, na hali huwa hiyo mpaka kama Septemba. Hiyo si ajali, inakuja kila mwaka tangu mababu. Mwenye boti ya kutembeza wageni anayelalamika kila Mei kama kwamba kusi limemvizia, huyo hesabu imemshinda.

Mikopo ipo. Serikali ina Hazina ya Vijana tangu 2006, ina Hazina ya Uwezo, na mwaka 2022 ikaleta Hazina ya Hasla, iliyoanza kwa kumkopesha mtu mmoja kuanzia shilingi 500 mpaka 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Kwa ile Hasla asilimia 5 ya mkopo huwekwa akiba kabla hujaugusa, nami niliposikia hivyo nilicheka, maana fungu la chombo limerudi kwa mlango mwingine. Suala la riba waulizeni masheikh, mimi si mufti. Na anayeogopa riba asiseme basi hana njia: tieni pesa pamoja, mgawane faida kwa maandishi na mashahidi, kama walivyofanya wenye majahazi.

Mengine nitayapitia mbio. Jifunzeni kazi kwa mtu kabla ya kuomba mtaji. Matondoni mafundi wa mashua wanazeeka na wanafunzi ni wa kuhesabu. Maembe ya kule Hindi na Mpeketoni, barani, yanaoza msimu ukifika, na achari tunanunua ya kiwandani. Sheria inatenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kijana ni wa miaka 18 mpaka 35. Cheti cha kuingia mpango huo hutolewa bure, kwa hiyo anayewaomba "ya chai" mkimbieni. Msiingie kikundi kwa sababu tu mfadhili anataka majina 12; watatu wanaoaminiana wanatosha.

Sasa niwageukie wakubwa, maana si haki kuwapiga vijana peke yao.

Wewe mwalimu uliyemnyang'anya msichana mabuyu yake ukayamwaga, kisha ukaingia darasani kufundisha somo la Biashara, ulikuwa ukifundisha nini? Mpangie saa na mahali pa kuuzia, basi. Nyinyi wafadhili, mashine hamkabidhi kwa watu 12 bila nahodha mkaondoka na picha. Kaeni nao msimu mmoja, ulizeni daftari liko wapi. Nasi wazazi tumewalea kwa kuwaambia wasome wapate ofisi. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu, kule Kililana, lilifunguliwa 2021, na bado kuna wazee wanaokaa wakingojea mtoto wao aitwe kazini huko, wamemkataza kuuza samaki, watu wasije wakamwona na ndoo.

Na wazee wenzangu wa baraza, mnaochukua chai na mahamri kwa yule kijana wa kibandani na kumwambia "tia kwenye hesabu", hesabu hiyo mmeilipa lini? Mnamla fungu la chombo chake, kisha mnasema vijana wa siku hizi hawajui biashara. Ukisikia aibu kupita mbele ya kibanda chake, jua kwamba haki yake iko kwako.

Anayetaka kuonyeshwa namna ya kupanga daftari, mimi niko dukani kila siku isipokuwa Ijumaa. Aje na daftari lake na kalamu yake. Nauli sitoi, na chai atajinunulia.