Shukrani kwa kaka wa spea, Gerezani

Kaka, jina sikukuuliza, nisamehe. Mimi ni yule wa pikipiki Honda CG125 ya marehemu baba, inayotoa moshi wa bluu, niliyekuja kuagiza pistoni standadi ya milimita 56.5. Ungeweza kupokea hela ukanyamaza. Badala yake ukafuta masizi kwenye pistoni kuukuu kwa kidole gumba, ikatokea namba 50, yaani imezidi standadi kwa nusu milimita. Kumbe silinda ilishachongwa zamani, ni 57 kamili! Ukanituma kwanza ikapimwe, ndipo ukaagiza pistoni na ringi za 75, saizi inayofuata. Fundi wangu, mjuaji yule, alikaa kimya. Jana imewaka kiki ya pili, moshi hakuna. Mama kusikia ule mlio akatoka jikoni mbio. Asante sana, kaka. Mihogo yako naileta Jumamosi.